Sagalla: Makumbusho ya Mlima Mzima

Mwanzoni mwa mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Joseph Alfred Wray, alipanda mlima ambao misafara ya Pwani iliuita Ndara na wenyewe wakauita Sagalla. Alitumwa na Church Missionary Society, chama cha kimisionari kilichokuwa kimeshawaleta Krapf na Rebmann upande wa Mombasa na Rabai takriban miaka 40 kabla yake. Mji wa Voi haukuwapo. Chini kulikuwa na mto, nyika, na njia ya wapagazi waliotoka kuvuka nyika kame ya Taru wakiulizana kama Maungu watakuta maji. Stesheni, maduka na soko vilikuja na reli miaka kama 15 baadaye. Ndiyo maana anayetaka historia ya Voi iliyoandikwa hana budi kuupa mji kisogo na kupanda kilima, mpaka kwenye ardhi ya misheni ya kale ya Kianglikana, yalipo Makumbusho ya Wray.

Ni makumbusho madogo, na hayafanani na yale ambayo wengi wetu tumeyazoea. Desturi ya kuonyesha maisha ya shamba nje, chini ya jua, ilipata sura yake Stockholm mwaka 1891, Artur Hazelius alipofungua Skansen na kujaza hapo nyumba za wakulima zilizobomolewa kwao na kujengwa upya mjini. Kwetu Afrika Mashariki, Dar es Salaam ilianzisha Kijiji cha Makumbusho mwaka 1966, na leo hata makonda wa daladala wanaita "Makumbusho!" bila kuwaza nyumba za msonge wala tembe. Nairobi ikapata Bomas of Kenya mwaka 1971. Kote huko kijiji kimeletwa mjini kitazamwe. Sagalla hakuna kilichohamishwa. Chumba cha maonyesho kimekaa katikati ya mambo kinayoyaeleza: mashamba ya mteremkoni, vichaka vya mizimu, mapango ya wahenga, na watu ambao bado wanasema Kisagalla, lugha yenye maneno mengi ya kukaribiana na Kigiriama kuliko na Kidawida cha Wataita wenzao wa milima ya ng'ambo.

Wray hakupokelewa kwa ngoma. Mwaka huo wa 1883 mpelelezi Joseph Thomson, akielekea Umasaini, alipita Ndara akamkuta anaanza maisha peke yake mlimani. Ikafuata njaa kubwa, ambayo wazee wa Pwani wameihifadhi kwa jina la Mwakisenge. Mapema 1885 Askofu James Hannington alifika Taita akaona watu wamekonda na ghala hazina kitu, na baadhi yao wakateremshwa Rabai wapate kuponea huko. Miezi michache baadaye askofu mwenyewe aliuawa Busoga, akijaribu kufika Buganda. Wray, aliyekuwa ameondoka, alirudi mlimani. Ubishi wa aina hiyo, uite imani au ukaidi, ndio uliokipa kituo cha misheni uhai.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana historia za misheni huruka sehemu hii upesi. Kwa Mtaita wa wakati ule, mvua ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa kazi ya wazee, na kazi hiyo ilitegemea mioyo iliyotulia. Ibada ya kutasa, ambayo mwanaanthropolojia Grace Harris aliichunguza katika milima ya Taita miaka ya 1950, ni mzee kuchukua funda la pombe au maji, kulipuliza nje kwa mdomo na kutamka maneno ya heri, ili hasira iliyojificha kifuani itoke. Hasira ya mjomba, ya mama, ya jirani au ya marehemu iliweza kuzuia mvua, kudhoofisha mtoto, kukausha ng'ombe maziwa. Basi ukame ukija, swali la kwanza lilikuwa moja: nani amekasirika, na kwa nini? Mgeni aliyekuja kufundisha kwamba hayo yote ni giza alikuwa anagusa mtambo uliokuwa ukiendesha mlima mzima. Sioni ajabu kwamba waumini walikawia kupatikana. Ajabu ni kwamba wenyeji walimvumilia.

Wahenga nao hawakuwa mbali. Baada ya maziko, mwili ukishaoza, fuvu la mzee lilifukuliwa na kupelekwa ngomenyi, kwenye pango au uwazi wa mwamba wa ukoo, likapangwa pamoja na ya waliotangulia. Hapo ndipo ukoo ulipokwenda kusema nao mambo yakiharibika. Juu na kando ya makazi kulikuwa na fighi, misitu iliyokatazwa shoka, iliyoaminiwa kulinda nchi na adui na maradhi. Misheni ilipopata nguvu, desturi ya kufukua mafuvu ilikoma, lakini mafuvu yenyewe hayakuondoka. Yapo bado katika milima ya Taita, na baadhi ya mapango hutembelewa na wageni. Maoni yangu ni kwamba ngomenyi isiingizwe kwenye kabati la kioo hata siku moja, na mgeni asiyesindikizwa na mtu wa ukoo husika aambiwe abaki barabarani. Babu wa mtu si kifaa cha maonyesho.

Sasa kuna kinaya ambacho makumbusho haya yanakibeba, yapende yasipende. Mtu aliyekuja kubadilisha maisha ya Sagalla ndiye pia aliyeanza kuyaandika. Mwaka 1894 kilichapwa London kitabu chake kidogo cha kufundishia lugha aliyoijifunza mlimani, akiiita Kitaita, na uzeeni aliandika kumbukumbu zake za miaka 1882 hadi 1912. Ukimsoma unamsikia akilaumu, akicheka asichokielewa, akipima watu kwa kipimo cha kwao Uingereza. Lakini pia unapata majina, maneno na desturi ambazo pasipo yeye tungezijua kwa kukisia. Waliomfundisha hayo maneno, wazee na vijana wa Sagalla waliokaa naye jioni baada ya jioni wakisahihisha matamshi yake, hawakupewa jina la makumbusho. Hapo ndipo ninapotofautiana na kibao cha mlangoni. Wray astahili nafasi yake, ila nyumba ya kumbukumbu haipaswi kuitwa kwa jina la mgeni peke yake ilhali wenyeji wapo.

Reli ilipofika bondeni, mwisho wa miaka ya 1890, mambo yalishuka mlima. Biashara, ofisi na kazi ya mshahara vikahamia Voi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaifanya Voi kambi kubwa ya jeshi la Uingereza, na reli ya kuelekea Taveta na Moshi ikajengwa haraka kwa ajili ya mapigano. Kilima jirani cha Kasigau kililipa gharama isiyosahaulika: mwaka 1915 watu wake walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakang'olewa wote na kupelekwa Pwani, wasirudi mpaka miaka ya 1930. Halafu mwaka 1948 ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, na leo hifadhi za Tsavo Mashariki na Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti ya Taita Taveta. Aliyezoea kuwinda na kulisha nyikani akawa mvamizi.

Tembo hawakusoma mipaka hiyo. Wanakuja Sagalla ya chini mahindi yakikaribia kukomaa, na mkulima anaweza kupoteza msimu kwa usiku mmoja. Tangu 2009 kijiji cha Mwakoma kimekuwa kikijaribu ua wa mizinga ya nyuki: mizinga inatundikwa kwa waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye tembo, ambaye anaogopa sana kuumwa kwenye mkonga na kando ya macho, anageuka. Asali inavunwa. Wataita walifuga nyuki kwenye mizinga ya magogo tangu zamani, kwa hiyo jaribio hilo lilikuta mikono iliyokwisha kuijua kazi. Ningependa kuona mzinga wa gogo na mzinga wa kutundikwa kwa waya ikiwekwa pamoja kwenye maonyesho, mmoja ukieleza mwingine.

Na upo urithi ambao hata wazee hawakujua thamani yake kwa dunia. Mwaka 2005 wanasayansi walikitambulisha rasmi kiumbe cha kundi la amfibia, ndugu wa mbali wa vyura, kisicho na miguu, chenye umbo la mnyoo, kinachoishi udongoni Sagalla na kwingine kokote duniani hakijaonekana. Walikiita Boulengerula niedeni. Kinahitaji udongo laini wenye unyevu, na mikaratusi iliyopandwa mlimani inaunyonya. Mashamba ya ndizi na miwa yaliyotunzwa vizuri, yenye matandazo, yanakifaa zaidi. Mkulima wa Sagalla anayeacha majani yaoze shambani mwake anahifadhi kitu ambacho hakuna jumba la Nairobi wala London linaloweza kukitunza kikiwa hai.

Tangu 2017 treni ya Madaraka inasimama Voi, na wengi wanaoshuka wanachukuliwa na magari ya watalii kuelekea geti la Tsavo. Barabara ya Sagalla inakwenda upande mwingine.