Gigahezi nyingi si hakikisho la kasi ya kompyuta

MNUNUZI anapoingia katika duka la kompyuta zilizotumika, swali la kwanza huwa: "Hii ni ya gigahezi ngapi?" Swali hilo halitoshi. Huenda likamtia hasarani, hasa iwapo programu anayoitegemea hufanya kazi kwa mkondo mmoja.

Programu ya mkondo mmoja ni ile ambayo kila hatua hungoja jibu la hatua iliyotangulia. Programu nyingi za zamani za uhasibu ziliundwa hivyo. Ni sawa na kusonga ugali: unga hautiwi kabla ya maji kuchemka, hata jikoni mkiwa na wapishi wanane. Kichakataji chenye viini vinane hakiipi programu hiyo nafuu kubwa. Kiini kimoja hutoka jasho, vingine vikitazama.

Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja ya saa ya kichakataji kwa sekunde. Hata hivyo, kasi halisi hutokana na idadi ya mapigo ikizidishwa kwa kazi inayokamilika katika kila pigo.

Pentium 4 ya kampuni ya Intel, iliyoingia sokoni Novemba 2000, ni mfano bora. Ili mapigo yawe mengi, utekelezaji wa kila amri uligawanywa katika hatua fupi fupi: 20 mwanzoni, kisha 31 katika toleo la 2004. Kichakataji hukisia amri itakayofuata, na kikikosea, kazi iliyokwisha kuanzwa hutupwa. Kadiri hatua zinavyozidi, ndivyo hasara inavyokua. Ndiyo sababu Pentium 4 ya gigahezi 1.5 ilishindwa na Pentium III ya gigahezi 1 katika baadhi ya kazi.

Joto nalo likawa kikwazo. Oktoba 2004, Intel ilifutilia mbali mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Aina hiyo ikakomea gigahezi 3.8, ikikadiriwa wati 115.

Julai 2006 ikaja Core 2 Duo yenye hatua 14. Ile ya gigahezi 2.4, iliyokadiriwa wati 65, iliishinda Pentium 4 ya gigahezi 3.8 hata ilipotumia kiini kimoja tu.

Upya na wingi wa viini pia si hakikisho. FX-8150 ya AMD, iliyotolewa Oktoba 2011 ikiwa na viini vinane, ilipitwa katika kazi za mkondo mmoja na Core i5-2500 ya viini vinne, iliyotangulia miezi kadhaa.

Kwa hivyo, mnunuzi aulize jina kamili la kichakataji na mwaka wa kutolewa kwake. Kisha, kabla ya kulipa, aombe kuijaribu programu yake mwenyewe huku akitazama saa. Kibandiko kilichobandikwa nje ya mashine hakifanyi hesabu.