Walter Camp, Mtunga Sheria wa Yale

Miongoni mwa waliouondoa mpira wa Kimarekani katika raga ya Waingereza ukawa mchezo wa peke yake, hapana aliyemshinda Walter Camp, mzaliwa wa Connecticut mwaka 1859, aliyeingia Chuo cha Yale mwaka 1876, akaichezea timu yake, akawa nahodha wake, na tangu ujanani akahudhuria mabaraza ya kutunga kanuni, asiyaache mpaka mauti yalipomfika.

Zama hizo vyuo vya mashariki ya Marekani vilicheza watu 15 kila upande, na mpira ukianguka wachezaji hujikusanya wakasukumana mpaka utoke popote utakapotoka, pasiwe na ajuaye kwa yakini utakuwa wa nani. Camp hakupendezwa na mambo ya bahati nasibu. Mwaka 1880, katika baraza la Springfield, Massachusetts, rai zake zilikubaliwa: kila timu iwe na watu 11, na mpira uwe milki ya upande mmoja, urudishwe nyuma kwa mguu na aliyesimama katikati, ilhali wapinzani wangoje ng'ambo ya mstari. Tokea hapo ikawezekana kupanga hila kabla ya mpira kuchezwa, na ukocha ukapata kazi.

Sheria ile, hata hivyo, ilikuwa na tundu. Mwaka uliofuata Yale walipokutana na Princeton, Princeton waliung'ang'ania mpira kipindi cha kwanza chote, Yale nao wakaung'ang'ania cha pili chote, wala hapana aliyefunga. Dawa aliyoileta Camp mwaka 1882 ni kwamba upande wenye mpira, usipopata yadi 5 kwa majaribio 3, uutoe kwa wapinzani. Na ajabu ni kuwa hata waliorudi nyuma yadi 10 waliruhusiwa kubaki nao! Ili yadi hizo zipimike bila ugomvi, kiwanja kikachorwa mistari.

Tangu 1888 hadi 1892 alikuwa kocha mkuu wa Yale, japokuwa riziki yake aliipata katika kampuni ya saa ya New Haven, na kwa sababu hiyo alasiri hakuweza kufika uwanjani. Aliyekwenda ni mkewe, Alice, akiangalia mazoezi kwa makini, na usiku humhadithia mumewe aliyoyaona. Msimu wa 1888 Yale walishinda mechi zote 13, wakipata pointi 698 bila kufungwa hata moja, na kwa insafu sehemu ya sifa ile ni ya bibi huyu.

Lakini yadi 5 tu zilizoea kupatikana kwa kujisonga kundi zima na kumponda adui, hata vijana wakafa viwanjani, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa Yale, Harvard na Princeton Ikulu. Camp alitaka yadi ziwe 10, akakubaliwa. Pasi ya kurusha mbele hakuipenda, nayo ikahalalishwa mwaka 1906 vivyo hivyo.

Kwa maoni yangu haikuwa sawa mtunga sheria awe pia kocha wa timu iliyofaidika nazo kuliko zote, walakini kila alipoziba tundu mchezo ulizidi kustawi. Alifariki New York tarehe 14 Machi 1925, akiwa amekwenda kuhudhuria mkutano wa kamati ya kanuni.