Gogo Lililopinda: Historia Fupi ya Kupasua Mbao Nyumbani

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, kahawa itasemwa na wengi. Sisi twaomba nafasi ndogo tueleze habari za mbao, kwa maana safari ya mbao hapa Kilimanjaro yafanana na safari ya ushirika wenyewe.

Wazee wetu hawakuhitaji mbao nyingi. Nyumba ya Kichaga ilikuwa ya mviringo, ya miti na fito, ikaezekwa kwa nyasi. Misheni zilipofika mwishoni mwa karne ya 19 na kujenga makanisa na shule, upasuaji wa mbao ukazoeleka: gogo hulazwa juu ya shimo, mtu mmoja huvuta msumeno kutoka juu, mwenzake kutoka chini, unga wa mbao ukimwangukia usoni. Kisha fedha ya kahawa ikaleta nyumba za pembe nne na mabati, na haja ya mbao ikakua.

Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, ili wananchi wapate kuni na miti ya kujengea. Lakini watu waliongezeka, msitu haukuongezeka. Na mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Hatuna budi sasa kuitazama miti ya vihamba vyetu: mringaringa wa asili, na mgrivea uliotoka Australia ukawa kivuli cha kahawa.

Miti hiyo ina kasoro. Mringaringa hupinda, na mgrivea unaopunguzwa matawi kila mara hujaa mafundo. Mwenye kiwanda hutaka gogo refu lililonyooka. Basi mkulima huuza lake kuwa kuni kwa bei ndogo, kisha hununua mbao dukani kwa bei kubwa. Hiyo ni hasara mara mbili.

Gogo lililopinda na likatwe kwanza vipande vifupi. Kila kipande hukaribia kunyooka. Mbao fupi zatosha mzinga wa nyuki, kiti, au kichanja cha kuanikia kahawa. Ubao wenye fundo kubwa usibebeshwe paa. Mabanzi yafaa uzio wa zizi, na unga wa mbao hutandikwa bandani mwa kuku. Msumeno wa mnyororo una haraka, lakini hula kama milimita 8 kila upitapo: mipasuo mitatu humeza unene wa ubao mmoja wa milimita 25. Husemwa kwamba akiba haiozi. Lakini mbao mbichi zilizolazwa juu ya udongo huoza na kuliwa na mchwa. Zipangwe kivulini, vijiti vikitenganisha safu.

Uwekevu si kujinyima. Ni kukijua kila kipande na kazi yake. Hivyo ndivyo wakulima wa kahawa walivyoungana mwaka 1925, na kuunda KNCU mwaka 1933: gunia moja halikuwa na sauti sokoni, magunia mengi yalikuwa nayo. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kisha kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, kilichovirudisha ni mazoea hayo.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vyama vya msingi wafikiri kununua msumeno wa pamoja na kumwajiri mpasuaji hodari, baada ya kupata vibali vya kukata miti. Asiyetupa gogo lililopinda hatatupa senti ya Chama. Udumu Ushirika wetu.