Miguu ya Gari

Kijana akiingia gereji na Altezza yake na kusema, "Fundi, nataka tushushe gari," anaweza kujibiwa kwa swali: "Tushushe nini bosi, injini au gia boksi?" Kwa mafundi, kushusha ni kukitoa kitu kilipofungwa na kukiweka chini. Bandarini nako gari hushushwa kutoka melini. Kulaza hakusaidii: gari lililolala ni lile lililoharibikia njiani usiku, dereva akajikunja kwenye kiti cha nyuma mpaka alfajiri. Na kumbe anachotaka kijana ni kitu kidogo tu, tumbo la gari liikaribie lami na madigadi yaikaribie tairi. Ili apate kitenzi kinachomfaa, kwanza litafutwe jina la kile kinachoguswa. Wengi hukiita saspensheni.

Anayelitafuta neno hilo katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hukutana na kuning'iniza, kutundika, na hata kumsimamisha mtu kazi. Akiunda istilahi kutoka hapo atapata "mfumo wa mning'inio" au kitu cha ukoo huo. Kisarufi neno halina kasoro. Tatizo ni kwamba fundi aliyelala chalichali chini ya gari haoni chochote kinachoning'inia, labda egzosi iliyokatika kishikizo. Anachokiona ni vitu vilivyobeba.

Neno la Kilatini suspendere, asili ya jina hilo, halikuwa kosa lilipoanza kutumika. Magari ya farasi ya zamani yalikuwa na bodi iliyotundikwa kwa mikanda minene ya ngozi. Yale yaliyojulikana zaidi Marekani yalitengenezwa katika mji wa Concord, New Hampshire, kuanzia mwaka 1827, na abiria wake walibembea kama mtoto aliye kwenye susu. Wakati huo tayari Obadiah Elliott wa London alikuwa amepata hataza, mwaka 1804, ya springi za pinde mbili zilizotazamana kama midomo. Springi zikashinda, mikanda ikaenda makumbusho, na jina likabaki limetundikwa. Kiswahili hakikuwahi kuifunga mikanda ile, basi hakilazimiki kuirithi.

Hata springi yenyewe ilikuwa na jina kabla ya kuitwa springi. Kamani, neno lililotufikia kwa njia ya Kihindi, linatokana na Kiajemi kamān, yaani upinde. Mafundi saa wa zamani wanalijua. Anayetaka kuona kwa nini upinde, na achungulie chini ya lori: fito za chuma zimelaliana, ndefu juu na fupi chini, zimepinda mfano wa upinde uliovutwa. Zikivunjika, wahunzi huzichukua na kuzifua kuwa majembe na mapanga, kwa kuwa chuma chake ni kigumu na hushika makali. Gereji, hata hivyo, imekwisha kuchagua springi. Hilo si la kugombania.

La kugombania ni shokapu, ambayo wengine huiita shokamzoba. Jina hilo linasema uongo tangu katika Kiingereza, kwamba kifaa hiki hufyonza mshtuko. Anayepokea mshtuko ni springi. Gari likiingia shimoni springi hujikunja, kisha hutaka kujikunjua kwa nguvu ile ile, ijikunje tena, na tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza: pistoni husukuma oili kwenye vitundu vidogo, nguvu ya springi ikageuka kuwa joto. Fundi mzoefu hulipima hilo bila mashine. Huweka viganja viwili juu ya boneti upande mmoja, hubonyeza kwa uzito wa mwili, huachia, kisha hutazama. Pua ikipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Ikicheza kama mtumbwi uliorukiwa na mtu, mteja ajiandae. Kama ingekuwa ni kubatiza upya, "kitulizi" lingeeleza kazi hii vizuri kuliko shokapu, ingawa hakuna muuza spea atakayelielewa kesho asubuhi.

Sasa tuje kwenye jina la mfumo wote. Kwa mafundi wa Dar es Salaam gari linalogongagonga chini "linagonga mguu", na aliyebobea kwenye kazi hiyo ni fundi wa miguu. Neno limetoka mtaani na ni sahihi kuliko lile la Kilatini. Mguu hubeba. Mguu una viungo: boljointi ni nyonga, bushi ni gegedu, wishboni ni mfupa. Mguu hukunja goti mtu anaporuka ukuta ili kichwa kisitikisike, na gari nalo hufanya hivyo hivyo kwenye tuta. Lina dosari moja. Fundi wa miguu hubadilisha pia tairodi, ambazo mhandisi angeziweka kwenye usukani, kwa hiyo mpaka wa neno ni mpana kidogo kuliko wa kitabuni. Dosari hiyo inavumilika.

Tukishika miguu, kitenzi alichokikosa kijana wa Altezza kinakuja chenyewe: kufupisha miguu. Na hapo neno linaanza kufundisha, maana kila mtu anajua kwamba anayetembea amechuchumaa hana pa kukunjia goti.

Njia ya bei ya chini ya kufupisha ni grenda. Springi inatolewa, inakatwa mzunguko mmoja, inarudishwa. Pesa haikutoka, ila hesabu inabaki. Kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua ndivyo springi inavyokuwa ngumu: yenye sita ikibaki na mitano, ugumu umepanda kwa asilimia 20. Ugumu huo wenyewe si mbaya, ila nafasi ya kukunja imepungua. Tuseme shokapu ilikuwa na milimita 80 za kushuka kabla ya kugonga raba yake, na gari limeshushwa 40: nusu ya goti imekwenda. Shimo lililokuwa likimezwa kimya sasa linapiga bodi. Tena gari likinyanyuliwa kwa jeki, springi iliyofupishwa inaweza kulegea hata ikatoka kwenye kikalio chake. Wanaoipasha moto kwa gesi mpaka ilegee wanafanya vibaya zaidi, kwani joto linaharibu ugumu uliotiwa chuma kiwandani, na hakuna ajuaye itakapoacha kudidimia.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Kwenye gari kama Toyota IST, mguu wa mbele una mkono mmoja wa chini unaotoka kwenye chasi kwenda kwenye gurudumu. Gari likishuka sana, mkono huo huinuka upande wa tairi. Kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito wa gari lenyewe, na gari lililoshushwa ili lishike barabara likaanza kulala zaidi likikata kona.

Wamarekani wenye asili ya Mexico wa California walikuwa na njia ya bei rahisi kuliko grenda: waliweka mifuko ya mchanga kwenye buti. Walitaka gari lionekane, liende polepole, watu walitazame. Sheria iliyoanza mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata, Ron Aguirre wa San Bernardino aliifungia Corvette yake pampu za haidroliki: akimwona polisi, anabonyeza swichi, gari linasimama wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2024. Kwetu hakuna haja ya sheria ya namna hiyo. Matuta yanatosha.

Mwenye pesa kidogo anayetaka gari lake litulie barabarani aanze mbali na kimo. Kwanza bushi. Fundi huingiza mtaimbo kati ya wishboni na chasi, hukandamiza, na raba iliyochoka hupasuka kama mdomo wa samaki. Hapo mguu wote ulikuwa ukiyumba bila mtu kujua. Zifuate boljointi na linki za stabilaiza, halafu tairi zenye kashata, halafu shokapu, mbili mbili kwa ekseli, kamwe si moja. Gari kuukuu likifanyiwa hayo tu, mwenyewe hudhani limebadilishwa. Akibakiwa na kitu na bado moyo wake uko chini, anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake, zinazoshusha milimita 25 au 30, na asirudi nyumbani kabla ya alaimenti. Miguu ikifupishwa pembe za magurudumu hubadilika, na tairi mpya huliwa upande wa ndani, kusikoonekana mpaka nyuzi zitokeze.

Kwa wanaoandaa kamusi za ufundi, ombi ni dogo: saspensheni ipewe mlango wake, maana imeshaingia. Lakini maelezo yakae chini ya "miguu ya gari", na mning'inio waachiwe wajenzi wa madaraja.