Waliipenda Pontiac, Lakini Pontiac Ilikufa

Leo ni zamu ya historia, na tunaomba uvumilivu kidogo maana habari yenyewe inaanzia mbali, Marekani, kwenye kampuni ya magari. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwa nini tumeichagua wiki hii.

Jumamosi ijayo kikundi chetu kinakaa kikao. Sababu mnaijua. Msaada umepungua, na kati ya kazi zetu tano, yaani maktaba, ushonaji, mpira wa wasichana, maigizo na darasa la kompyuta, inabidi tubaki na tatu. Tangu Jumatatu simu zetu hazipumziki. Kila mtu anatetea ya kwake. Mmoja wetu akaandika: "Maktaba inapendwa na watu wengi, haiwezi kufa." Wengi wakamuunga mkono. Sisi tulionyamaza tulikuwa tunafikiria Pontiac.

Kampuni ya General Motors, ambayo watu wanaiita GM, ilianzishwa mwaka 1908 katika jimbo la Michigan na William Durant. Huyu alikuwa ametajirika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na kipaji chake kilikuwa kununua. Ndani ya muda mfupi akakusanya Buick, Oldsmobile, Cadillac na nyingine, zote chini ya paa moja, bila mpango mzuri. Aliyekuja kuipanga ile nyumba ni Alfred Sloan, aliyekuwa rais wa kampuni kuanzia mwaka 1923. Yeye alitaka kila mfuko upate gari lake. Kijana anayeanza kazi ananunua Chevrolet. Akipandishwa cheo kidogo, Pontiac. Halafu Oldsmobile, halafu Buick, na akishakuwa bosi, Cadillac. Ilikuwa kama ngazi, na mtu angeipanda maisha yake yote bila kutoka nje ya GM.

Pontiac yenyewe ilizaliwa mwaka 1926. Jina ni la chifu wa watu wa Odawa, aliyepigana vita na Waingereza kuanzia mwaka 1763. Mji mmoja wa Michigan ulichukua jina lake, na gari likachukua jina la mji.

Kwa miaka mingi ile ngazi ilifanya kazi vizuri sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu nusu ya magari yote yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya GM. Mwaka 1964 Pontiac ikatoa gari linaloitwa GTO: bodi ya wastani, lakini ndani wameweka injini kubwa. Vijana wakachizika. Baadaye ikaja Firebird na Trans Am. Wazee wanaokumbuka ile filamu ya televisheni ya gari jeusi linaloongea na dereva wake, iliyoanza mwaka 1982, basi gari lile lilikuwa Pontiac Trans Am.

Hapo ndipo mapenzi yalipoota mizizi. Baba alikuwa na Pontiac, mtoto naye akanunua Pontiac. Watu wakaunda vyama vya wenye Pontiac, wakawa wanakutana kila mwaka, wanang'arisha magari, wanabadilishana spea. Ukimtukania gari lake umemtukana yeye.

Sasa ikawaje kitu kinachopendwa hivyo kikafa?

Kwanza, ngazi iliharibika. Ili kupunguza gharama, GM ilianza kutengeneza gari moja na kulibadilisha sura ya mbele na nembo tu. Hili tuliite Chevrolet, hili Pontiac, hili Oldsmobile, na ndani ni lile lile. Mteja si mjinga. Pili, mwaka 1973 mafuta yalipanda bei sana, na magari madogo ya Japani yakapata nafasi. Yalikula mafuta kidogo na hayakusumbua fundi. Tatu, GM ilikuwa na mzigo mkubwa wa pensheni na matibabu ya wastaafu wake. Mauzo yanashuka, mzigo unabaki.

Wa kwanza kuondolewa alikuwa Oldsmobile. Ilianzishwa mwaka 1897, ikiwa na umri kuliko GM yenyewe. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2000 ilitangazwa kwamba itafungwa, na gari la mwisho likatoka kiwandani Lansing mwezi wa nne mwaka 2004. Kumbe kufunga nako kunagharimu. Kampuni ililazimika kuwalipa wenye maduka ya Oldsmobile fidia iliyozidi dola bilioni 1. Na wenye magari hawakuhama wote kwenda Buick kama wakubwa walivyotumaini. Mtu aliyekuwa mwaminifu kwa Oldsmobile alipofungiwa mlango alijiona huru kwenda popote, hata kwa Mjapani.

Habari inayotugusa zaidi ni ya Saturn. Hii GM iliianzisha mwaka 1985 ili kupambana na magari ya Japani, na gari la kwanza lilitoka mwaka 1990 katika kiwanda kipya cha Spring Hill, jimbo la Tennessee. Magari yalikuwa ya kawaida tu, lakini watu walitendewa tofauti. Bei ilikuwa moja kwa wote, hakuna kuvutana na muuzaji. Wafanyakazi walikuwa na sauti kiwandani. Mwaka 1994 kampuni iliwaalika wenye Saturn kuja kuona mahali gari lao lilipozaliwa, na watu zaidi ya 40,000 walifika. Hebu fikiria, mtu anaendesha siku nzima au mbili, na watoto nyuma, kwenda kutembelea kiwanda! Kwa mapenzi, Saturn haikuwa na mpinzani.

Lakini Saturn ilikula pesa nyingi na ikakaa miaka bila gari jipya la maana. Baadaye iliacha kabisa kutengenezwa Spring Hill, na moja ya magari yake ya mwisho lilikuwa Opel ya Ulaya iliyobandikwa nembo ya Saturn. Jina likabaki, na kile watu walichokipenda kikawa kimeshaondoka.

Ikafika mwaka 2008. Mabenki ya Marekani yakayumba, watu wakakosa mikopo, magari yakakosa wanunuzi. Mwaka ule peke yake GM ilipata hasara ya karibu dola bilioni 31. Wakuu wa kampuni tatu kubwa za magari walikwenda Washington kuomba msaada, kila mmoja na ndege yake ya binafsi. Wananchi walikasirika sana. Safari ya pili walikwenda kwa magari.

GM wakati huo ilikuwa na majina 8 inayouza Marekani: Chevrolet, Pontiac, Buick, Cadillac, GMC, Saturn, Hummer na Saab. Toyota ilikuwa na matatu tu. Tarehe 2 Desemba 2008 GM ilipeleka mpango wake bungeni. Majina manne yangebebwa: Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC. Saturn, Saab na Hummer yangetafutiwa la kufanya. Na Pontiac? Ilisemwa itabaki, lakini ndogo, na magari machache.

Wenye Pontiac wakapumua. Lakini mwisho wa mwezi wa tatu 2009 serikali ilisema ule mpango hautoshi, na mkuu wa GM, Rick Wagoner, akaondoka. Tarehe 27 Aprili ikatangazwa: Pontiac inafungwa. Kutoka "utabaki" hadi "ondoka" haikufika hata miezi mitano. Tarehe 1 Juni GM yenyewe ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika.

Saturn ilikaribia kupona. Roger Penske, dereva wa zamani wa mashindano na mfanyabiashara mkubwa, alikubali kuinunua. Alihitaji kampuni nyingine ya kumtengenezea magari baadaye, lakini hiyo ikakataa, na mwisho wa mwezi wa tisa 2009 akajiondoa. Hummer ilitaka kununuliwa na kampuni ya China, nayo ikashindikana.

Wenye Saab walipigana zaidi ya wote. Mwezi wa kwanza mwaka 2010 walipanga misafara ya magari yao katika miji ya nchi mbalimbali, pamoja na Trollhättan huko Sweden, mahali penye kiwanda, kuiomba GM iuze na isiue. Na walisikilizwa! Kampuni ndogo ya Uholanzi, Spyker, iliinunua. Watu walishangilia. Lakini kabla mwaka 2011 haujaisha, Saab ilifilisika, kwa sababu pesa za kutengeneza magari hazikuwepo.

Buick je, gari la wazee, iliponaje? Iliponywa na watu ambao Wamarekani wengi hata hawakuwafikiria. China ilikuwa inanunua Buick nyingi kuliko Marekani yenyewe, na zile mpya, zinazotoka dukani.

Hapa ndipo pa kukaza macho. Wenye Pontiac walikuwa waaminifu kweli, hatuwacheki. Ila wengi walilipenda gari la mwaka 1967 au 1977. Wanalitunza, wanalifuta vumbi, wananunua spea za mitumba. Mapenzi kwa gari la zamani hayalipi mshahara wa mfanyakazi wa leo. Mtu anaweza kuvaa fulana ya Pontiac huku nje ameegesha Honda.

Lakini wakubwa nao walikosea hesabu. Walidhani ukifunga mlango mmoja watu watahamia chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo. Mwaka 2008 GM ilikuwa na kama asilimia 22 ya soko la Marekani. Mwaka 2010 ilikuwa chini ya 20. Sababu ni nyingi, lakini wateja wa majina yaliyofungwa ni sehemu yake. Jina lilikuwa limeshika watu ambao kampuni haikuwa na kamba nyingine ya kuwashika.

Hata hapa Kenya tunalo somo dogo. GM ilikuwa na kampuni Nairobi tangu mwaka 1975, na malori yaliyotoka pale barabara zote zinayajua, hata hii ya kuja Kakuma, kwa jina la Isuzu. Mwaka 2017 GM iliuza hisa zake kwa Isuzu na ikaondoka. Mwenye lori aliendelea kuita lori lake Isuzu kama jana. Mapenzi yake yalikuwa kwenye lori linalopanda mlima na mzigo, na spea zinazopatikana Kitale. Aliyekuwa na hisa hakumhusu.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Jumamosi tusije na hoja ya "inapendwa" peke yake. Tuje na daftari. Maktaba: wiki iliyopita waliingia wangapi, na waliazima nini? Ushonaji: wangapi waliojifunza mwaka jana wanashona leo na kula kwa huo ushonaji? Mpira wa wasichana: siku ya mazoezi wanakuja wangapi, na kama uwanja ukifungwa watakwenda wapi saa kumi jioni? Tusiwahesabu wanaokumbuka kwa raha. Tuwahesabu wanaokuja.

Na zile mbili zitakazofungwa, tusizifanyie kama Pontiac, leo unabaki kesho unaondoka. Wahusika waambiwe wote siku moja, na sisi wenyewe, si kwa fununu za bombani. Tusidhani pia kwamba msichana wa mpira tutamwambia "nenda maigizo" naye atakwenda. Huenda akakaa nyumbani, na tukampoteza kabisa. Kabla ya kupiga kura, mtu mmoja akamuulize.

Sisi tunaoandika hapa wengi wetu ni wa maktaba. Tunaogopa, hatufichi. Jana tulifungua daftari la wageni tukahesabu, na idadi haikutufurahisha. Tutaisoma kikaoni kama ilivyo.

Wa ushonaji, wa mpira, wa maigizo na wa kompyuta, leteni zenu. Kikao ni saa tisa, chini ya ule mti wa siku zote. Ambaye hawezi kufika atume sauti kabla ya Ijumaa usiku.