Historia Yetu na Kodi ya Nyumba

Wengi wenu mnadhani kikundi chetu kilianza kwa ajili ya biashara. Hapana. Kilichotukutanisha ni kodi ya nyumba. Karibu sote kabla ya kufika huku Kimbiji tulikuwa wapangaji, wengine Temeke na Mbagala, wengine Kinondoni, na wengine mbali zaidi ya hapo.

Mama zetu walipanga kwenye zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, na uani jiko na choo cha wote. Mwenye nyumba mara nyingi alikaa humo humo, chumba cha mbele. Ukikwama ulimfuata barazani ukamweleza, naye akikasirika alikasirika mbele yako, yakaisha.

Serikali nayo ilijitahidi. Mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1971 ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lakini maghorofa ya mjini sisi tuliyaona kwa nje tu. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kudhibiti kodi. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kupandisha kodi apendavyo, wala kumtoa mpangaji bila amri ya baraza. Ni sheria nzuri, ila uswahilini tulikuwa na kilemba, yaani pesa ya kuingilia isiyo na risiti. Nani aende barazani kushtaki, halafu arudi kulala kwenye nyumba ile ile? Mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa. Tangu hapo kodi ni maelewano ya watu wawili, na mwenye shida ya kulala haelewani, anakubali tu.

Hapo ndipo kero yenyewe ilipo. Watu husema kodi ni ghali, lakini kilichowaangusha wanawake wengi ni kulipa kwa mkupuo. Chukua chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Muuza vitumbua au samaki wa kukaanga anaweza kuipata hiyo, kidogo kidogo. Sasa mwambie alete miezi sita. Ni 300,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, 350,000. Hiyo si kodi tena, huo ni mtaji wake wote pamoja na karai. Na akiwa hana mume anaulizwa kwanza, "Bwana yuko wapi?" Wapo kati yetu waliokwenda kuangalia chumba na kaka zao ili waonekane wana mtu.

Mwenzetu mmoja alianzia maisha Mwanza, ana mambo yake ya huko. Alipanga Igogo, juu kwenye mawe. Anasema Mwanza bei ya chumba hufuata mlima, kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyoshuka. Kwa hiyo akina mama wenye kipato kidogo ndio wako juu, na ndoo ya maji kichwani. Ziwa Victoria lote analiona pale chini, maji ananunua! Asubuhi anateremka Mwaloni Kirumba kutafuta dagaa wa kuuza, jioni anapanda tena. Na huko nako mwenye nyumba alitaka miezi sita. Tulipomsikia tulijua kwamba taabu hii si ya Dar es Salaam peke yake.

Mambo ya umeme tusiyaseme sana, maana tutajaza kitabu. Kila aliyewahi kuchangia luku moja na mwenye friji anaelewa.

Kilichotufanya tukae kikao cha kwanza ni mwenzetu aliyefiwa na mumewe huko Mbagala. Kodi ilikuwa imebaki wiki tatu. Mwenye nyumba alikuja kwenye arobaini, akala ubwabwa, akaomba dua, kisha akauliza habari ya miezi sita mingine. Kisheria alikuwa na haki yake. Tulichanga tukapata nusu. Ile nusu ya pili ndiyo iliyotuuma, tukasema lazima liwepo sanduku. Wakati huo daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilikuwa linatufanya sote tutazame ng'ambo hii. Mkopo wetu wa kwanza kabisa ulikuwa wa kodi. Umeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, na ulirudishwa wote.

Baadaye tulianza kukopeshana kwa ajili ya viwanja huku Kimbiji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Tuliisoma kwa sauti kwenye kikao, mara mbili, kwa kuwa wengine walikuwa hawaamini. Hati za mauziano za viwanja vyetu zina majina yetu wenyewe. Wengine walianza na chumba kimoja bila plasta, mlango wa bati, wakahamia hivyo hivyo.

Sasa mambo yamegeuka. Wageni wanakuja, walimu, mafundi, wasichana wa saluni, nao wanatafuta vyumba. Wenzetu kumi na mmoja leo ni wenye nyumba. Mwaka jana likazuka swali kwenye kikao: je, na sisi tudai miezi sita? Waliosema ndiyo walikuwa na hoja. Saruji inanunuliwa kwa mkupuo, na bati pia, na mpangaji wa mwezi mwezi anaweza kuondoka usiku. Waliosema hapana walifungua daftari ukurasa wa kwanza, wakaliweka mezani bila kusema neno.

Tulibishana mpaka magharibi. Mwisho tukakubaliana kwamba mwanachama asidai zaidi ya miezi mitatu, na mkataba uandikwe, ushuhudiwe serikali ya mtaa. Anayehitaji pesa ya kumalizia nyumba akope kwenye sanduku, asimkope mpangaji. Wawili hawakukubali, na hadi leo wanadai sita. Bado tunakaa nao kila Jumamosi, na hisa zao wanaleta kwa wakati. Jambo hilo litarudi kikaoni mwezi wa saba.