Vikao vya Wanawake na Kazi Mpya katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Historia ya Kilwa imeandikwa kwa muda mrefu kutokana na vitu vinavyodumu, yaani misikiti iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, sarafu za shaba zenye majina ya masultani, na tarikhi zinazotaja watawala mmoja baada ya mwingine, na kwa sababu hiyo wanawake wa pwani hiyo huonekana ndani yake kwa nadra, mara nyingi wakiwa mabinti walioozwa ili kutia nguvu mapatano ya wanaume. Katika masimulizi ya asili ya Kilwa Kisiwani yaliyochapishwa kwa Kiswahili na Carl Velten mwanzoni mwa karne ya 20, mwenyeji aitwaye Mrimba anamwoza binti yake kwa Ali bin Selimani, mgeni wa Kishirazi, kisha kisiwa kinabadilishwa kwa nguo. Binti huyo ndiye kiungo cha habari yote, lakini maisha yake mwenyewe hayasimuliwi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulihusisha mabaki ya watu wa kale kutoka miji kadhaa ya pwani ikiwemo Kilwa na Songo Mnara, umeonyesha kwamba asili ya watu hao kwa upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, ilhali asili ya Asia iliingia zaidi kupitia wanaume. Hilo linadokeza kwamba lugha, mapishi, malezi na desturi za nyumba katika miji hiyo zilikuwa mikononi mwa wanawake wenyeji, ambao historia iliyoandikwa imewapitia kimya.

Sauti zao zilihifadhiwa penginepo, katika vikao vya wanawake, yaani mikusanyiko ya uani, ya kisimani, ya unyago, ya ngoma na ya msibani, ambamo mwanamke husimulia yaliyompata huku mikono ikifanya kazi. Kazi inayofahamika zaidi ya vikao hivyo ni kusuka ukili, yaani utepe mrefu unaofumwa kwa chane za ukindu au miyaa, ambao baadaye hushonwa kwa kuzungushwa hadi uwe mkeka au jamvi. Kazi hiyo haihitaji macho wakati wote, na kwa hiyo huuacha ulimi huru. Wachunguzi wengi wameichukulia mikusanyiko ya namna hii kuwa mapumziko baada ya kazi. Hata hivyo, historia ya Kilwa na Lindi kuanzia karne ya 19 inaonyesha kwamba ndimo kazi ngeni zilimopimwa na kukubaliwa, kwa sababu mwanamke asiye na akiba ya kupoteza hujaribu jambo jipya baada ya kusikia lilivyomtendea mwenzake.

Simulizi moja la maisha ya mwanamke lililo la zamani na lenye kina miongoni mwa yale yanayohusu njia ya Kilwa ni la Swema, msichana wa Kiyao aliyetekwa na biashara ya watumwa katika miaka ya 1860. Wakati huo Kilwa Kivinje, mji ulioko bara kaskazini mwa kisiwa cha zamani, ulikuwa bandari kuu ya kusafirisha watumwa waliotoka nchi za Ziwa Nyasa, na hesabu za forodha zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 walipitishwa hapo watu zaidi ya 90,000, wengi wao wakipelekwa Unguja. Swema alichukuliwa kwa sababu ya deni la mtama ambalo mama yake, aliyekuwa mjane, hakuweza kulilipa. Mama huyo, badala ya kubaki nyuma, aliufuata msafara akakubali kubeba mzigo ili asitengane na mtoto, akaishiwa nguvu na kuachwa njiani. Msichana alifika Kilwa, akapakiwa katika jahazi, na alipofika Unguja alikuwa amedhoofika kiasi kwamba alizikwa angali hai, kisha akafukuliwa na kijana mmoja kutoka Réunion aliyempeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki. Padri Anton Horner aliandika masimulizi yake, nayo yakachapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870.

Maandishi hayo yamepita katika kalamu ya padri aliyekuwa na wasomaji wa Ulaya wa kuwagusa mioyo, na mwanahistoria Edward Alpers, aliyeyachambua mwaka 1983, amesaidia kutenganisha mapambo ya kimisheni na hali halisi ya msichana wa Kiyao wa zama zile. Kinachobaki baada ya uchambuzi huo ni kizito: kinaonyesha jinsi mjane alivyokuwa bila kinga anapokosa ndugu wa kumsimamia, jinsi deni dogo la nafaka lilivyoweza kugeuka kuwa mtu, na jinsi mama alivyouchagua utumwa kwa hiari yake kwa sababu ya mwanawe. Ni nadra tarikhi ya masultani kumfikisha msomaji karibu kiasi hicho na Kilwa ya karne ya 19.

Wanawake waliopitishwa Kilwa hawakubeba pembe za ndovu na mizigo ya wengine pekee. Walibeba pia mafunzo ya unyago, yaani mfululizo wa ngoma, nyimbo na maelekezo ambayo kwayo msichana aliyevunja ungo, aitwaye mwali, huandaliwa kuwa mwanamke chini ya uangalizi wa kungwi, mwanamke mzoefu anayemfundisha na kumsimamia hata baada ya kuolewa. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo hutolewa kwa mizungu, yaani mafumbo ya maneno, michoro na vitendo ambavyo maana yake hufunuliwa kwa waliomo peke yao. Margaret Strobel, aliyechunguza maisha ya wanawake wa Mombasa, alionyesha kwamba ngoma za makungwi za mji huo zilikua miongoni mwa wanawake wa asili ya utumwa waliotoka nchi za kusini, na kwamba baadaye wanawake waungwana nao waliziingia. Katika kitabu alichokitoa pamoja na Sarah Mirza mwaka 1989, ambacho kilifuatwa na chapa ya Kiswahili iitwayo Wanawake Watatu wa Kiswahili, mmoja wa wasimulizi ni Bi Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa, ambaye maisha yake yanaonyesha jinsi elimu iliyofika na watu waliouzwa ilivyokuja kuwapa wajukuu wao heshima mjini.

Katika pwani yenyewe ya Lindi, unyago uliandikwa kwa upana na mgeni aliyeingia baada ya maangamizi. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji, vilivyoanza katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa mwaka 1905, vilikuwa vimeleta njaa na misiba, akapanda hadi Masasi na Newala akiwa na fonografu ya kunasa sauti na kamera ya picha za sinema. Alinasa nyimbo na kueleza ngoma za wali alizoruhusiwa kuziona. Alipata kile kilichochezwa uwanjani. Yaliyosemwa ndani, ambako makungwi huzungumza juu ya ndoa zao, uzazi wao na makosa yao ili mwali ajifunze, hayakuwa ya kusikilizwa na mwanamume mgeni. Jambo linalostahili kutiliwa mkazo ni kwamba mkutano wa wanawake uliendelea hata katika mwaka wa njaa, jambo linaloonyesha kwamba wenyewe waliuhesabu miongoni mwa mahitaji.

Utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, wanawake wengi wa asili ya utumwa walikuwa tayari wamejijengea undugu mpya katika miji ya pwani kwa njia ya usomo, yaani uhusiano kati ya msichana na mwanamke mkubwa asiye wa damu yake lakini anayemlea kwa siri na ushauri, na kwa njia ya vyama vya ngoma kama lelemama, ambavyo vilikuwa na viongozi wenye vyeo, sare, michango na mashindano. Vyama hivyo viliwafundisha wanawake mambo ambayo hakuna shule iliyowapa wakati huo: kukusanya fedha, kuzitunza na kuzitolea hesabu, kusema mbele ya watu, na kupatanisha waliogombana. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia yenye asili ya Umatumbi, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla ya kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia mwaka 1955, na njia aliyotumia kuwaingiza wenzake katika siasa ilikuwa kwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Susan Geiger, aliyeanza kurekodi masimulizi ya maisha ya wanawake hao mwaka 1984, alionyesha kwa ushahidi wao kwamba umoja usiobagua makabila uliokuwa ukihubiriwa na chama ulikuwa umeshazoeleka katika vikundi hivyo.

Baada ya uhuru serikali nayo ilitumia kikao kilekile kwa jina lingine. Kisomo cha watu wazima na vikundi vya kusikiliza redio, ambavyo katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 viliwaunganisha takriban watu milioni mbili nchini, viliwaweka wanawake wa vijijini katika duara wakisikiliza, wakijadili, kisha wakichimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka baharini. Wanawake wa Kilwa na Lindi hawakuwa wageni wa pwani iliyokauka maji: walichokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba kwa kijiti, waliokota kombe na chaza, na walitanda uduvi, kazi ambayo wanawake hushika kitambaa kwa ncha zake na kukikokota katika maji mafupi. Walijua kalenda ya bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambazo maji hukupwa mbali, na ya maji mafu, siku ambazo maji hayaondoki sana. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, kufuatia utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kikaenea katika miaka ya 1990 hadi mwambao wa Kilwa, Lindi na Mtwara, kiliwakuta wanawake wenye elimu iliyohitajika. Mkulima hupigilia vigingi katika mchanga wa maji mafupi, hufunga kamba kati yake, na kwenye kamba hizo hutundika vipande vya mwani, viitwavyo mbegu, kwa nyuzi fupi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika juani na kumuuzia mnunuzi, ambaye husafirisha zao hilo nje ili itolewe karajina, kitu cha kugandisha kinachotumika katika dawa za meno, aiskrimu na vyakula vingine.

Kazi hiyo ilijaribiwa hatua kwa hatua, na ilikuwa na hasara zake. Aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, hushambuliwa haraka na ugonjwa unaoyageuza matawi kuwa meupe na kuyakata, hasa maji yanapopata joto, ilhali spinosamu huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Kuchagua kati ya aina hizo mbili, kujua ghuba ipi ina mkondo wa kutosha na ipi ina samaki walao mwani, na kuamua kama mkopo wa kamba kutoka kwa mnunuzi ni msaada au ni kamba ya shingoni, ni mambo ambayo mkulima hujifunza kwa kuulizana na wenzake zaidi kuliko kwa karatasi. Jirani aliyepoteza mavuno yote kwa wimbi la kusi huwa mwalimu mwenye thamani. Ilitokea pia kwamba pweza alipopanda bei kwa ajili ya soko la nje katika miaka hiyohiyo, wanaume wapiga mbizi waliingia kwa wingi katika uvuvi ambao zamani ulikuwa wa wanawake waliovua kwa miguu, na hivyo mwani ukawa kimbilio kwa wengi waliosukumwa pembeni.

Fedha ya mwani ilihitaji pa kuwekwa, na hapa pia jipya lilisimama juu ya la zamani. Upatu, ambao katika miji mingi huitwa mchezo, ulikuwa desturi ya siku nyingi: kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na kijumbe, yaani mkusanyaji anayeaminika, humkabidhi kila mara mtu mmoja jumla yote kwa zamu. Vikundi vya VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, vilivyoenea Tanzania katika miaka ya 2000 kwa kufuata mfano uliozaliwa Niger mwaka 1991, vilipelekwa pia katika vijiji vya mwambao wa Kilwa kupitia mpango wa hifadhi wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Vikundi hivyo viliongeza hisa, mikopo yenye riba na mfuko wa jamii wa kusaidia wenye msiba na ugonjwa, na fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Mkopo hauombwi kwa karatasi ya dhamana. Mwombaji husimama mbele ya wenzake akaeleza anataka kufanya nini, ni kukaanga samaki wa kupeleka mnadani, kununua ufuta wakati wa mavuno, kubangua korosho, au kufungua genge la chakula, na wenzake, wanaojua ndoa yake, watoto wake na kazi alizowahi kujaribu, huuliza mpaka waridhike.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, ambao kabla ya hapo ulivukwa kwa kivuko na kuikatia njia mikoa ya kusini nyakati za mvua, mikeka, samaki wakavu na korosho za wanawake hao zilianza kufika Dar es Salaam kwa uhakika zaidi, na habari za bei zikaanza kurudi kwa haraka ileile. Wanawake waliofunga kamba za kwanza za mwani Kilwa na Lindi wakiwa vijana sasa ni bibi, na baadhi yao wamekuwa makungwi. Masimulizi yao yanapaswa kukusanywa kwa uangalifu uleule uliotumika Mombasa na Dar es Salaam, kwa lugha yao na kwa idhini yao, yakieleza nani aliwaonyesha kufunga mbegu, mavuno ya kwanza yalinunua nini, mume alisema nini, na ni kazi zipi walizojaribu kisha wakaziacha.